Bahasha za Nywele

Voi,
2 Februari 2025

Mama Mdogo mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Sisi ni wazima, isipokuwa usingizi, huo umehama nyumba hii tangu Shanice aanze kuota meno. Baba yake, Oyugi, yuko Maungu na kazi ya reli, anakuja kila baada ya wiki mbili na kunikuta nimelala nimekaa. Oyugi anasema nafanana na askari wa zamu. Mitumba inauzika kidogo kidogo, watu bado wanalipa karo. Na huko Werugha? Kabichi zimepona baridi? Baba Mdogo Sylus masikio yanamwendeaje?

Sasa lile jambo letu. Ndani ya sweta hii ya buluu nimefunga chupa ya dawa, ile tuliyoandikiwa na daktari wa ngozi. Nimemwambia Kiilu kwamba ni ya kikohozi, kwa hivyo akikupa mzigo kohoa kidogo. Paka kila jioni, utosi ukiwa mkavu, kipimo kile kilichoandikwa kwenye karatasi, usizidishe. Ukimaliza nawa mikono. Inataka miezi minne mpaka sita ndipo uone kitu. Mengine daktari alikueleza mwenyewe.

Sikupigii simu kuhusu hili. Simu ni ya Baba Mdogo, na Baba Mdogo hasikii mpaka aweke spika, na akiweka spika Werugha nzima inasikia. Afadhali karatasi. Kiilu anashuka na mboga Jumanne na Ijumaa, anapitia kibanda changu sokoni.

Wewe ulinichana nywele tangu mama alipofariki nikiwa darasa la sita. Sasa ni zamu yangu kuhangaikia zako.

Mwanao,
Cynthia


Werugha,
9 Machi 2025

Kwa mwanangu Cynthia,

Amani iwe juu ya nyumba yako. Mvua imeanza vizuri, viazi tumepanda. Baba yako Mdogo amenunua mbuzi asiyenyamaza, na kwa vile yeye hamsikii, mbuzi ni wangu. Nimechaguliwa tena kuongoza akina mama kanisani, nilijaribu kukataa wakanipigia makofi. Fizi za mtoto zipakie asali kidogo. Hapana, ngoja, manesi siku hizi wanakataza asali kabla ya mwaka. Basi mpe kitambaa safi chenye maji baridi auume.

Cynthia, mimi niliomba nywele, sikuomba kunyolewa.

Wiki ya tatu zilianza kutoka. Kwenye mto. Ndani ya kilemba. Moja niliikuta kwenye uji. Jumapili nilisimama kusoma somo, nikaona uzi mweusi umeangukia Biblia, nikaupuliza. Haukuwa uzi. Nilisoma mstari ule mara mbili, na watu wakadhani nimeguswa na neno.

Kabla ya dawa zilikuwa zinatoka, lakini si hivi. Zote nimeziokota. Unajua marehemu bibi yako alivyotufundisha: nywele ya mtu haitupwi nje, ndege akijengea kiota utaumwa na kichwa mwaka mzima, na binadamu akiichukua ni vibaya kuliko ndege. Ziko ndani ya kopo la kakao, na kopo linaelekea kujaa.

Nimeacha dawa tangu Alhamisi. Sikulaumu. Ulitaka kunisaidia.

Mama yako mdogo,
Tryphena


Voi,
14 Machi 2025

Mama Mdogo,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo. Jino la pili limetoka na homa yake imeshuka, asante kwa kitambaa.

Ukiniandikia "sikulaumu" najua unanilaumu. Ni sawa. Barua yako ilinifikia Jumanne na hata sikungoja soko life, nilimwachia jirani kibanda, nikaenda kemisti kwa yule dada Lynn aliyetuuzia dawa. Nilimwuliza kwa hasira, Mungu anisamehe. Akaniuliza, "Zilianza kutoka wiki ya ngapi?" Nikamwambia ya tatu. Akasema, "Basi dawa imeingia. Kwani daktari hakuwaambia?"

Hapo nikakumbuka siku ile ya daktari. Shanice alipoanza kulia mle chumbani kwa daktari nilitoka naye nje, Mama Mdogo. Nilirudi daktari akiwa tayari anaandika karatasi. Sikusikia la katikati. Nilidhani wewe umesikia.

Lynn amenieleza hivi. Kwenye utosi wako kuna nywele ambazo zimechoka, zimeshikilia tu, hazikui. Dawa inaamsha mahali nywele inapootea, na mpya ikianza safari inaisukuma ya zamani itoke. Kwa hivyo wiki za kwanza zinamwagika nyingi, halafu zinapungua zenyewe, kwa wengi kufikia mwezi wa pili au wa tatu. Ni kama mimi nikifungua belo jipya la mitumba. Lazima nishushe nguo zote za zamani kwenye kamba, na mtu akipita saa ile atasema Cynthia anafunga biashara.

Sasa nisikilize. Rudia dawa leo. Kichwa kikitoa vidonda, au moyo ukidunda ovyo, au miguu na uso vikivimba, hapo acha na uende hospitali bila kuniuliza. Na zikiendelea kumwagika hivi baada ya miezi mitatu, tunarudi kwa daktari. Lakini hofu peke yake si sababu ya kuacha. Ukianza na kuacha, kuanza na kuacha, utapata hasara ya pande zote mbili.

Jambo lingine. Hizo unazookota usizitie zote kwenye kopo moja. Kila wiki na karatasi yake, uandike juu. Kopo likijaa linatisha tu, halisemi kama zinaongezeka au zinapungua.

Cynthia


Werugha,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Cynthia mwanangu,

Kristo amefufuka. Nakutumia viazi debe moja na hii bahasha. Viazi ni vya nyumba, bahasha ni yako peke yako.

Nilirudia dawa siku ileile nilipopata barua yako. Ninakujua, ungepanda huku na mtoto mgongoni.

Kuhusu daktari. Nilikuwa pale, hakuna mtoto aliyenilia. Lakini nilikuwa nimevua kilemba mbele ya mwanamume wa rika la mwanangu, taa ile kubwa ikiwa juu ya utosi. Niliona midomo yake ikienda. Sikusikia hata neno. Niliitikia tu, "Ndiyo daktari, ndiyo daktari." Pengine alinieleza mara mbili.

Nimezitenga wiki kwa wiki kama ulivyosema, wiki nne. Lakini mimi nikizifungua siwezi kulinganisha, naona msiba tu, nazifunga tena. Ziangalie wewe.

Unajua nywele hizi sijawahi kumpa mtu. Hata dada yangu, mama yako, hakuwahi kushika nywele yangu iliyoanguka. Nakupa wewe kwa masharti mawili. Ukishaangalia, zichome. Na usimwambie mtu ni za nani, si mumeo, si Kiilu, si mtu yeyote. Mimi ndiye ninayewaambia akina mama wajikubali walivyoumbwa. Niachie hilo kwanza.

Tryphena


Voi,
4 Mei 2025

Mama Mdogo,

Viazi vilikuwa vitamu, vingine nimempa Dani, ndivyo Wajaluo wanavyomwita bibi. Ndiyo, mama yake Oyugi amefika kutoka Siaya, Mama Ajwang' mwenyewe, amekuja kunisaidia na mtoto. Anampenda Shanice vibaya sana. Asubuhi nikiamka nakuta uji umepikwa, nepi zimefuliwa, na mimi nimeambiwa kwamba sijui kufua nepi.

Nilingoja atoke, nikatandika karatasi nyeupe mezani, nikapanga wiki zako nne. Nisikilize vizuri: ya pili ndiyo kubwa kuliko zote. Ya tatu iko karibu nayo. Ya nne haifiki nusu ya hiyo ya pili. Haifiki, Mama Mdogo! Nilipima kwa kijiko ili nisije nikajidanganya kwa kukupenda.

Kwa hivyo tuma wiki zinazofuata ili nione kama zinaendelea hivyo. Na yale mengine usiwe na wasiwasi.

Endelea kupaka.

Cynthia


Werugha,
15 Juni 2025

Cynthia,

Hamjambo nyumbani? Hapa baridi imeingia, tunalala na mbuzi karibu ndani.

Nilikutumia bahasha mwezi uliopita, wiki nne nyingine. Nikakutumia kabichi. Nikakutumia salamu kwa mdomo wa Kiilu mara tatu. Hakuna jibu. Nikamwambia Baba yako Mdogo akupigie, ukasema uko salama, na sauti yako ikawa ya mtu anayesoma.

Jana nimembana Kiilu. Anasema mama mkwe wako alimfuata sokoni na kumwuliza, "Hizo bahasha unazomletea mke wa mwanangu zinatoka kwa nani, na ndani mna nini?" Kiilu akasema yeye hubeba mboga. Mama akamwambia, "Siku moja utabeba na laana." Kiilu sasa anaogopa hata barua hii, nimempa kuku ndipo akakubali.

Kuna nini? Usinijibu "tuko salama".

Tryphena


Voi,
19 Juni 2025

Mama Mdogo,

Umeuliza, basi nitasema. Lakini siandiki ili ufanye kitu.

Kwanza nikiri kosa langu. Sikuzichoma. Nilitaka kulinganisha wiki za Machi na za Mei, na kitu ukishakichoma hukilinganishi. Nilizitia kwenye kopo la maziwa ya mtoto, nikaandika juu ya kila karatasi wiki ya 1, wiki ya 2, mpaka ya 8, nikalificha nyuma ya nguo za Shanice. Nilikuambia usiwe na wasiwasi na nilijua ninachokificha.

Dani alilikuta akipanga nguo. Alidhani ni maziwa. Akaniita.

"Mama Shanice, hii ni nini?"

"Ni nywele, Dani."

"Naona ni nywele. Nimeuliza ni za nani."

Nikaokota soksi ya Shanice, nikaikunja.

"Ni zako?"

"Hapana."

"Za mtoto?"

"Hapana, Dani."

"Za mwanangu?"

"Oyugi ana nywele, Dani? Si kichwa kinang'aa kama sufuria?"

Sijui kwa nini nilitania. Hakucheka. Akasema, "Mwanamke mwenye nia njema hapangi nywele za mwenzake kwa wiki, tena katikati ya nguo za mtoto." Na ukiangalia kwa macho yake, Mama Mdogo, hata mimi ningeogopa. Alilichukua kopo, akalipeleka kwa mzee wa kanisa analosali hapa Voi liwekwe huko mpaka nitaje jina.

Oyugi aliporudi kutoka Maungu alinikalisha. "Mimi siamini uchawi," akasema, "lakini niambie ni za nani tumalize." Nikamwambia nimeahidi. Akasema, "Umeahidi nani zaidi yangu?" Aliondoka Jumatatu bila chai.

Shanice sasa analala na Dani. Ananiletea anyonye, anakaa kwenye kiti mbele yangu akitazama mpaka mtoto amalize, anamchukua. Hanitukani. Ananipakulia chakula kama kawaida. Lakini amesema mwisho wa mwezi anaenda naye Siaya mpaka mambo yajulikane, na Oyugi hajasema ndiyo wala la.

Sitamruhusu aende na mtoto wangu, kwa hilo usilie. Nitasimama mlangoni. Ila jina lako halitatoka kinywani mwangu, uliniamini ukanipa kitu ambacho hukumpa hata mama yangu. Nikivunja sharti la kwanza siwezi kuvunja na la pili.

Wiki ya nane ilikuwa ndogo kama kidole cha Shanice. Nilitaka ujue hilo.

Cynthia


Werugha,
21 Juni 2025

Cynthia,

Nilikuambia uchome! Nilikuambia kwa maandishi. Utoto huu wa kutaka kuhakikisha kila kitu ulikuwa nao tangu ukiwa darasani.

Nimemaliza kukugombeza. Mtoto ananyonya chini ya ulinzi kwa sababu ya utosi wangu, na mimi niko hapa napalilia vitunguu. Nimekaa na barua yako siku nzima. Hata kwaya sikwenda.

Ukurasa wa pili si wako, ni wa Mama Oyugi. Msomee wote, usiruke neno kwa kunihurumia.

Tryphena

*

Mama Oyugi, dada yangu,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Tryphena, mama mdogo wa Cynthia, tulishikana mikono siku ya kupokea mahari.

Nywele ulizozikuta ni zangu. Nimekuwa nikipoteza nywele miaka mitatu sasa, utosini pamebaki wazi kama upana wa kisahani cha chai. Nilipewa dawa hospitali, na dawa hiyo mwanzoni inaangusha nywele nyingi kabla ya kuotesha nyingine. Niliogopa, nikataka kuacha. Mtoto huyu akawa anaziangalia kwa niaba yangu, wiki kwa wiki, ili anitie moyo nisiache. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Hata mume wangu hajaniona bila kilemba mchana.

Alifanya kosa kuziweka karibu na nguo za mtoto. Mama yeyote angeshtuka, nami ningeshtuka. Lakini ukimnyang'anya mtoto kwa kosa hilo, utakuwa umemwadhibu kwa kujua kutunza siri. Mkwe wa namna hiyo ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Kama huamini maandishi, Jumamosi ya tarehe tano nitashuka Voi, nitavua kilemba mbele yako uone kwa macho yako.

Tryphena Sylus


Voi,
28 Juni 2025

Mama Mdogo,

Kwanza salamu: Shanice ni mzima na analala kwangu. Ananiuma, ana meno manne, na sitaki mtu yeyote anihurumie kwa hilo.

Barua ilifika jana mchana. Dani alikuwa anachambua mchicha, nikamwambia, "Dani, kuna barua yako." Macho yake hayaoni maandishi madogo, kwa hivyo alisema nisome. Unajua nyumba zetu, ukuta ni mmoja, jirani akikoroga chai unasikia kijiko. Nikaanza. Nilipofika "nywele ulizozikuta ni zangu" akanyanyua mkono.

"Ngoja," akasema.

Akaweka mchicha chini, akaenda akafunga mlango. Akafunga na dirisha, na ilikuwa saa nane, jua la Voi likichemsha mabati. Akarudi akakaa, safari hii karibu nami, goti kwa goti. "Sasa endelea. Polepole, na sauti ya chini."

Nikasoma mpaka mwisho. Jasho lilikuwa limeanza kututoka sote. Halafu akasema, "Ungeniambia ni za mgonjwa tu, ningekuacha."

"Ungeniuliza mgonjwa gani, Dani."

Akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Ningeuliza."

Leo asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mzee wa kanisa. Nilitaka kumsindikiza akakataa. Alirudi na kopo ndani ya leso yake. Alimwambia mzee kwamba alikosea, basi, na mzee akataka kujua kosa lenyewe, naye akamwambia, "Kosa ni langu, wewe unalitakia nini?" Tumezichoma nyuma ya nyumba sisi wawili. Yeye alisimama upande wa njia na leso ameitanda, ili mtu akipita asione.

Oyugi nimempigia. Dani alininyang'anya simu akamwambia, "Nywele zina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu wa heshima. Usimwulize mkeo tena." Akakata. Nadhani atakaporudi ataomba chai yake ya Jumatatu.

Sasa juu yako. Umeandika kwamba sasa ukipitisha kidole utosini kunakwaruza kidogo, uliandika pembeni kabisa ya ukurasa kama mtu anayeogopa kusikika. Nimemwambia Lynn bila kutaja jina. Anasema inaweza kuwa ndizo nywele mpya, na inaweza kuwa bado, usihesabu kabla ya mwezi wa Septemba, na usiache hata siku ukijisikia umeshinda. Bahasha usinitumie tena. Si kwa sababu ya yaliyotokea. Ni kwa sababu macho unayo, na msiba umepita, unaweza kuziangalia mwenyewe.

Baba Mdogo sitamwambia kitu. Hilo ni la kwenu.

Jumamosi njoo. Nilimwuliza Dani nikujibu vipi kuhusu kile ulichosema utafanya mbele yake. Alikuwa anamwogesha Shanice, hakugeuka.

"Mwambie aje tunywe chai," akasema. "Na akivua kilemba, iwe ni kwa sababu amesikia joto."

Mwanao,
Cynthia